Sasipensheni ya magari ya rali

Sasipensheni ya gari la rali ni mfumo wa springi, shokapu, mikono na viungo unaounganisha magurudumu na bodi ya gari la mashindano. Kazi yake ya kwanza ni kuyafanya matairi yaendelee kugusa ardhi hata barabara ikiwa na mashimo, mawe, mchanga au tope. Kazi yake ya pili ni kupunguza nguvu ya mapigo yanayofika kwenye bodi, kwenye injini na kwa watu walio ndani. Faraja ya abiria, ambayo ni muhimu katika gari la nyumbani, huja nyuma ya mambo hayo mawili.

Katika Afrika Mashariki mfumo huu umejaribiwa kwa ukali kuliko karibu popote duniani. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilijulikana kama mbio za kuvunja magari. Mara nyingi mshindi alikuwa dereva ambaye gari lake lilifika mwisho likiwa na magurudumu manne, hata kama wengine walikuwa na kasi kubwa zaidi njiani.

## Kazi ya sasipensheni

Gari hugusa ardhi kwa sehemu nne tu, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mtu mzima. Nguvu zote za kuongeza kasi, kufunga breki na kukata kona hupitia sehemu hizo. Tairi lililo hewani haliwezi kuvuta, kusimamisha wala kugeuza gari. Kwa sababu hiyo mhandisi wa mbio hujiuliza kwanza gurudumu litarudi chini haraka kiasi gani baada ya kurushwa na tuta.

Kuna masharti matatu yanayovutana:

- Springi laini huliacha gurudumu lifuate mabonde na matuta ya barabara, lakini bodi huinama sana kwenye kona na hukaribia kugonga ardhi baada ya kuruka.
- Springi ngumu huizuia bodi kuinama, lakini kwenye mawe gurudumu hurukaruka na kupoteza mshiko.
- Bodi iliyoinuliwa juu hupita mawe kwa usalama, lakini kitovu cha uzito kinapanda na gari linakuwa jepesi kupinduka.

Hakuna mpangilio mmoja unaofaa barabara zote. Timu huchagua upande wa kuelemea kulingana na njia, hali ya hewa na urefu wa mashindano.

## Sehemu zake

Springi hubeba uzito wa gari na kuhifadhi kwa muda nguvu ya pigo. Zipo za koili, yaani waya mnene uliosokotwa. Za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Na za nondo inayosokotwa, ambayo hufungwa upande mmoja kwenye bodi na upande wa pili kwenye mkono wa gurudumu.

Shokapu, ambayo baadhi ya mafundi huiita pia shokomzoba, huzuia springi isiendelee kucheza. Ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite kwenye matundu na vali ndogo. Mwendo wa gurudumu hugeuzwa kuwa joto. Bila shokapu, gari lililopita tuta moja lingeendelea kupanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea.

Mikono ya sasipensheni hulielekeza gurudumu lipande na kushuka katika njia inayotakiwa. Mikono hii huunganishwa kwa boljointi na bushi. Gari la kawaida hutumia bushi za mpira ili kupunguza kelele na mtikisiko. Gari la mbio mara nyingi hutumia viungo vya chuma visivyolegea, ili gurudumu lisibadili mwelekeo linapobanwa.

Stebilaiza ni nondo inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Gari linapoinama kwenye kona, nondo hiyo husokotwa na kupunguza kuinama. Kwenye barabara mbovu mno huwekwa nyembamba au hufunguliwa kabisa, kwa kuwa huhamisha pigo la gurudumu moja kwenda kwa mwenzake.

Tairi nalo ni sehemu ya sasipensheni. Hewa iliyo ndani yake hupokea mapigo madogo kabla springi haijaanza kazi. Presha ndogo huongeza mshiko kwenye mchanga, lakini huongeza hatari ya rimu kugonga jiwe na tairi kupasuka.

## Kanuni za fizikia

### Masafa ya kucheza

Bodi iliyokaa juu ya springi ina masafa yake ya asili, yaani idadi ya mara inazopanda na kushuka kwa sekunde moja. Masafa hayo hutegemea ugumu wa springi na uzito inaoubeba. Mfano: ikiwa kona moja ya gari imebeba kilogramu 300 na springi yake ina ugumu wa niutoni 30,000 kwa kila mita, bodi itacheza takriban mara 1.6 kwa sekunde. Uzito ukiongezeka mara nne bila kubadili springi, masafa hupungua kuwa nusu. Ndiyo maana lori tupu huruka sana na lililobeba mzigo hutulia: springi zake zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo.

Gurudumu lenyewe, pamoja na breki na kitovu chake, hucheza kwa kasi kubwa zaidi, kwa kawaida kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Tofauti hii inaeleza jambo ambalo kila dereva wa barabara za vumbi amelihisi. Barabara ya changarawe isiyochongwa kwa muda mrefu hupata mikunjo midogo inayofuatana kama bati. Kama mikunjo iko umbali wa sentimita 70, gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hupigwa takriban mara 12 kwa sekunde, kiwango kilekile ambacho gurudumu hupenda kucheza, na gari zima hutetemeka. Likifika kilomita 80 kwa saa hupigwa zaidi ya mara 31 kwa sekunde. Gurudumu halina muda wa kushuka kwenye kila bonde, hivyo hupita juu ya vilele vya mikunjo na gari linaonekana kutulia.

Utulivu huo ni wa hatari. Matairi yanagusa ardhi kwa sehemu tu ya muda, kwa hiyo breki na usukani vina nguvu ndogo kuliko dereva anavyodhani. Kona ikitokea ghafla, gari huendelea mbele kana kwamba halijageuzwa. Dereva wa rali hujifunza kutumia kasi hiyo kwenye barabara iliyonyooka na kuipunguza mapema kabla ya kona.

### Umbali wa gurudumu kusafiri

Umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kutoka chini kabisa hadi juu kabisa huitwa mwendo wa sasipensheni. Katika rali za changarawe umbali huu ni mali kubwa. Chukua gari la kilogramu 1,300 linaloruka na kutua kutoka kimo cha mita 1. Likisimamishwa ndani ya sentimita 10, nguvu ya wastani inayolipiga ni mara 11 ya uzito wake, sawa na mzigo wa zaidi ya tani 14. Likisimamishwa ndani ya sentimita 25, nguvu hiyo hushuka kuwa mara 5 ya uzito wake, yaani tani 6.5. Anguko ni lilelile. Kilichobadilika ni nafasi ya kulipokea. Fundi anayefunga springi fupi ili gari "likae chini" anaondoa nafasi hiyohiyo.

### Uzito usiobebwa na springi

Magurudumu, breki, vitovu na ekseli havibebwi na springi. Kadiri vitu hivi vinavyokuwa vizito, ndivyo inavyokuwa vigumu kuvirudisha chini baada ya kurushwa. Kwa hiyo wahandisi hujitahidi kuvipunguza uzito. Lakini rimu nyepesi mno hupasuka kwenye mawe, na katika mbio ndefu rimu inayopinda bila kupasuka ni bora kuliko nyepesi inayovunjika.

### Kuhama kwa uzito

Dereva anapofunga breki, mzigo huhama kutoka magurudumu ya nyuma kwenda ya mbele. Kiasi kinachohama huongezeka kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu na hupungua kadiri umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unavyokuwa mrefu. Gari la kilogramu 1,300 lenye kitovu cha uzito sentimita 50 juu ya ardhi na umbali wa mita 2.6 kati ya ekseli, likifunga breki kwa asilimia 70 ya mvutano wa dunia, huhamisha kama kilogramu 175 kwenda mbele. Madereva wa rali hutumia jambo hili kwa makusudi: hugusa breki wanapoingia kwenye kona ili matairi ya mbele yapate mshiko na sehemu ya nyuma iwe nyepesi na iteleze kuelekea upande unaotakiwa.

## Aina kuu

Ekseli nzima huunganisha magurudumu mawili kwa mhimili mmoja. Ni imara, rahisi kutengeneza, na urefu wa difu kutoka ardhini haubadiliki gari linapodidimia. Udhaifu wake ni uzito, na pia gurudumu moja likigonga jiwe la pili huinamishwa.

Sasipensheni huru huliacha kila gurudumu lipande na kushuka peke yake. Hushika barabara vizuri zaidi, lakini ina viungo vingi vinavyoweza kuvunjika, na tumbo la gari hukaribia ardhi kila springi zinapobanwa.

Nguzo ya MacPherson imepewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Shokapu na springi huunganishwa kuwa nguzo moja inayosimama juu ya gurudumu, na chini hutosha mkono mmoja. Ilijulikana sana baada ya Ford kuitumia katika magari ya Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Leo magari madogo mengi yanayoonekana mitaani Tanzania yana nguzo hii mbele.

Mikono miwili hulishika gurudumu kwa mkono wa juu na wa chini. Humpa mhandisi uhuru mkubwa wa kupanga namna gurudumu linavyoinama wakati wa kona. Magari ya Formula 1 hutumia aina hii.

## Historia katika Afrika Mashariki

### Mwanzo

Mbio za kwanza zilifanyika mwezi Mei hadi Juni 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mwaka 1960 jina lilibadilishwa kuwa East African Safari, na tangu miaka ya 1970 zikajulikana kama Safari Rally. Magari yalikuwa karibu sawa na yale yaliyouzwa madukani, na barabara zilikuwa wazi kwa watumiaji wengine: mabasi, malori, mifugo na wanyamapori.

Volkswagen "Kobe" lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Lilikuwa na springi za nondo za kusokotwa, injini iliyopozwa kwa hewa, na uzito wa injini uliokaa juu ya magurudumu ya nyuma yanayovuta. Kwenye tope hilo lilikuwa faida kubwa. Kwa upande mwingine, magurudumu yake ya nyuma yaliweza kukunjika kuelekea ndani ya gari likiingizwa kwenye kona kwa haraka, hivyo lilihitaji dereva mwenye mkono mwepesi. Mwaka 1955 Vic Preston, aliyekuwa ameshinda kwa Volkswagen mwaka uliotangulia, alishinda kwa Ford Zephyr yenye nguzo za MacPherson mbele.

### Miaka ya kuvunjika

Mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua za masika. Katika miaka ya 1960 njia ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 5,000, na ilimalizwa kwa siku chache bila mapumziko marefu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na safari hiyo pia yakamaliza 7 tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404.

Gari hilo lilikuwa la familia. Lilikuwa na nguzo zenye koili mbele, ekseli nzima nyuma, springi ndefu na laini, na injini ndogo ya lita 1.6. Kati ya ushindi wa Nowicki, Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, nao pia kwa Peugeot 404. Gari lililofaulu kubeba familia kwenye barabara za vijijini lilikuwa na kile ambacho mbio zilikihitaji: mwendo mrefu wa gurudumu.

Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Katika mbio 22 za Safari alizoshiriki alifika mwisho mara 19. Takwimu hiyo huelezwa mara nyingi kuliko ushindi wake, maana inaonyesha dereva aliyejua kulihurumia gari. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982 kwa Datsun.

### Kuja kwa timu za viwanda

Mashindano yalikuwa sehemu ya Ubingwa wa Dunia wa Rali tangu ubingwa huo ulipoanzishwa mwaka 1973. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, akiendesha Ford Escort. Tangu hapo viwanda vilileta magari maalum ya Safari: tumbo lililoinuliwa, bodi iliyoongezwa viraka vya chuma mahali sasipensheni inapofungwa, vyuma vya kukinga mbele, na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa kwa ajili ya kuvuka mito. Mwaka 1978 Porsche iliinua gari lake la 911 hadi takriban sentimita 28 kutoka ardhini. Lilimaliza la pili.

Toyota ilishinda mara nyingi kuanzia mwaka 1984, na mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda kwa Toyota Celica. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia, ingawa iliendelea kufanyika katika ubingwa wa Afrika. Tangu mwaka 2003 kuna pia mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ambayo njia zake zimepita Kenya na Tanzania.

### Kurudi Naivasha

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Sasa hatua za kasi hufungwa kwa watumiaji wengine. Mwaka huo zilikuwa 18 zenye jumla ya takriban kilomita 320. Ingawa ni fupi kuliko za zamani, kasi ni kubwa zaidi. Mchanga laini kama unga huficha mawe, na mvua ya dakika chache huugeuza kuwa tope.

Siku ya mwisho ya mbio za 2021, Thierry Neuville wa Hyundai alianza akiongoza kwa karibu dakika moja. Katika hatua ya kwanza ya siku hiyo, Loldia, sasipensheni ya nyuma kulia iliharibika na akalazimika kuacha mashindano. Sébastien Ogier wa Toyota alishinda. Kilichoamua mshindi kilikuwa sehemu moja ya gari kati ya maelfu.

## Sheria za kisasa

Magari ya daraja la juu, Rally1, yalianza mwaka 2022. Sheria zake zilirahisisha sasipensheni ili kupunguza gharama. Kila gurudumu hushikwa na nguzo ya MacPherson, na mwendo wa gurudumu hauruhusiwi kuzidi milimita 270. Magari yaliyotangulia yalikuwa na mwendo mrefu zaidi. Springi na shokapu haziruhusiwi kuongozwa na kompyuta. Mafundi hubadilisha springi, stebilaiza na mpangilio wa vali za shokapu kwenye kambi ya huduma pekee. Gari likiharibika njiani, dereva na msoma ramani hulitengeneza wenyewe kwa vifaa walivyobeba.

Ni tofauti kubwa na Formula 1. Huko barabara ni laini na gari hutegemea hewa kulikandamiza chini, hivyo sasipensheni husogea kidogo tu ili umbali kati ya tumbo na lami usibadilike. Mwaka 1992 Nigel Mansell alitwaa ubingwa kwa Williams FW14B, gari ambalo sasipensheni yake iliongozwa na kompyuta. Teknolojia hiyo ilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 1994.

## Joto ndani ya shokapu

Kwa kuwa shokapu hugeuza mwendo kuwa joto, hatua ndefu ya mawe huipasha sana. Mafuta yakipata joto hupungua uzito na kupita kwa urahisi kwenye vali. Yakichanganyika na hewa hutoa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia pistoni. Dereva huhisi gari likianza kuogelea: linapanda na kushuka mara mbili au tatu baada ya kila tuta.

Dawa iliyopatikana ni shokapu ya gesi, ambayo msingi wake uliwekwa na mhandisi Mfaransa Christian Bourcier de Carbon. Gesi ya nitrojeni iliyobanwa kwa presha kubwa hukandamiza mafuta yasitoe povu. Magari ya rali huongeza chupa ya pembeni yenye mafuta ya ziada, ambayo huongeza nafasi ya kupoa.

## Mfano wa barabara za Kitulo

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hazina hatua ya ubingwa wa dunia, lakini barabara zake zinaonyesha kanuni hizi kwa uwazi. Makambako ni mji wa njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea. Kutoka Njombe njia huelekea magharibi hadi Makete na uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha takriban mita 2,600, ambako iko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyotangazwa mwaka 2005 na inayoitwa Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Upande wa kaskazini barabara hushuka kupitia Matamba hadi Chimala kwa kona kali zinazohesabiwa kuwa 57. Ndiyo maana huitwa Hamsini na Saba.

Kwenye mteremko kama huo mambo manne hutokea kwa pamoja.

Kwanza, gari linaposhuka uzito umehamia mbele tayari, kabla dereva hajagusa breki. Springi za mbele zimebanwa na zimebakiwa na nafasi ndogo ya kupokea pigo. Jiwe ambalo lingepitwa salama kwenye tambarare linaweza kugongesha sasipensheni hadi mwisho wake.

Pili, breki zina kazi kubwa. Gari la kilogramu 1,300 likishuka kimo cha mita 1,000 hupoteza nishati ya takriban megajuli 12.75, zinazotosha kuchemsha karibu lita 38 za maji. Nishati hiyo isipochukuliwa na injini kwa kutumia gia ndogo, yote huishia kwenye breki, na breki zilizopata joto kupita kiasi hazishiki.

Tatu, kona ni ndogo. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 10 kwenye changarawe yenye mshiko wa nusu ya uzito wa gari haiwezi kupitwa kwa zaidi ya kilomita 25 kwa saa, hata sasipensheni iwe bora namna gani. Sasipensheni nzuri hutumia mshiko uliopo; haiongezi ule ambao ardhi haina.

Nne, hewa ni nyepesi. Kwenye kimo cha mita 2,600 uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 23 ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Tabo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa kubana hewa kabla haijaingia kwenye silinda.

Malori yanayoteremsha viazi na mbao kutoka nyanda hizi yana ekseli nzima na springi za mabamba, teknolojia ya zamani kuliko rali yenyewe. Yamebaki nayo kwa sababu bamba lililovunjika linaonekana kwa macho, hubadilishwa kando ya barabara, na mengine yaliyobaki huendelea kubeba mzigo hadi gereji.

## Dalili za uharibifu

Dalili ambazo mafundi wa rali huzitafuta baada ya kila hatua ni zilezile zinazofaa kuangaliwa kwenye gari la kawaida:

- mafuta yanayovuja kwenye mwili wa shokapu;
- bodi inayocheza zaidi ya mara moja baada ya kubonyezwa kwa mikono na kuachiwa;
- tairi lililolika upande mmoja au kwa madoa, ishara ya mkono uliopinda au shokapu iliyochoka;
- mlio wa kugonga kwenye matuta, ambao mara nyingi hutoka kwenye bushi au boljointi iliyolegea;
- usukani unaovuta upande mmoja baada ya kugonga shimo;
- gari lililokaa chini upande mmoja, ishara ya springi iliyovunjika au kulegea.

Boljointi iliyolegea haipaswi kusubiri. Ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu hulala na dereva hawezi tena kuligeuza gari. Katika mbio za Safari uharibifu wa sasipensheni ulimgharimu mtu ushindi. Kwenye mteremko wa milimani wenye abiria gharama yake ni kubwa zaidi.

## Tazama pia

- Safari Rally
- Joginder Singh
- Shekhar Mehta
- Hifadhi ya Taifa ya Kitulo
- Mkoa wa Njombe
- Springi